Jiwe la Wasiorudi

Nyamira, 4 Machi 2024

Kwa Hodan, mke wa mwanangu Bosire,

Salamu. Umenifungia simu tangu Desemba, nami sitazunguka kwa majirani kuomba zao ili nikupate kwa hila. Nimerudi kwenye kalamu. Nilifundisha Kiswahili darasa la saba mpaka nikastaafu, barua hainishindi. Thadeus, anayeendesha lori la majani ya chai, atakuachia hii dukani, na akipita tena umpe jibu. Liandike. Usimwambie kwa mdomo, maana Thadeus huongeza chumvi.

Hapa tuko wazima. Mvua imechelewa na majani ni machache. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Manasseh, mdogo wa Bosire, amepata kazi ya ulinzi Nairobi, kwa hiyo boma limebaki na mimi na huyo ndama. Mjukuu wangu Istarlin nasikia anafanya vizuri shuleni. Nasikia kwa watu, si kwako.

Neno lenyewe ni hili. Serikali inajenga ukuta wa kumbukumbu Nairobi, wa askari wetu waliokufa vitani. Mawe yanatoka Tabaka, kwetu nilikozaliwa, na kaka yangu Alfayo na wenzake ndio wanaochonga majina. Alhamisi tarehe ishirini na moja kamati itakutana na familia za Kisii na Nyamira hapo mjini. Aliyekuwa na mke, jina lake halichukuliwi mpaka mzazi na mke waje wote wawili wakubali. Mimi nitakuja. Wewe ni kutoka tu dukani na kuvuka barabara.

Huu ni mwaka wa sita tangu kambi yao ivamiwe kule ng'ambo ya mpaka. Mwanangu nimemzika. Sasa nataka aandikwe. Njoo useme ndiyo, kisha uendelee kunichukia kwa wakati wako.

Ni mimi,
Nyanchoka


Kisii mjini, 19 Machi 2024

Mama,

Assalam aleikum. Najua huwa huitikii hiyo salamu, lakini mimi naitoa. Tuko kwenye mfungo, na nimengoja hasira ipungue ndiyo niandike, nisiharibu swaumu yangu. Haijapungua.

Istarlin ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele ya watu. Anakusalimia. Duka limejaa vitambaa vya Idd, nashinda nimesimama. Kaka yangu Abdirizak pia anakusalimia, huyo nitamrudia.

Umesema umemzika. Mama, ulizika mgomba. Mlikata shina la mgomba shambani, mkalifunga shuka kama maiti yake, mkalilaza kwenye shimo kando ya nyumba yangu, wazee wakaomba, watu wakapikiwa wakala wakaenda zao. Na mimi, mke wake, nilikuja kuambiwa na mteja akinunua dera. Ananipa pole huku anapunguza bei. Nikamuuliza pole ya nini. Alidhani najitia sijui.

Ungenipigia ukaniambia wazee wa boma wamekataa kungoja, ningekuja. Ningekuja nikawazuia, ndiyo, na ndiyo maana hukunipigia.

Sasa unataka niseme ndiyo. Unajua ndiyo hiyo itanifanyia nini? Abdirizak kila wiki ananiambia niende kwa Kadhi, nikaachishwe ndoa, niolewe na mtu aliye hapa. Ana mtu tayari, mwenye lori za saruji. Namjibu kwamba hakuna aliyeona maiti ya mume wangu, hakuna aliyesema amekufa. Jina likichongwa kwenye ukuta wa serikali, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kulipiga picha.

Kila mwezi naweka vocha kwenye laini ya mume wangu ili isikatwe wakapewa watu wengine. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu. Nakuambia ujue ni nani unamwomba aseme ndiyo.

Alhamisi siji. Na mwanao anaitwa Issack, si Bosire. Alilichagua mwenyewe akiwa mtu mzima na ndevu zake.

Hodan


Nyamira, 2 Aprili 2024

Kwa Hodan,

Salamu kwako na kwa mtoto. Mwambie meno yataota, acheke tu. Mvua imeanza, na ndama anaharisha lakini ananyonya.

Nilikwenda peke yangu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wake na wazazi waliokuja wawili wawili, na kiti cha pembeni yangu kikawekwa mikoba ya watu. Nikifikiwa naulizwa, "Mke yuko wapi?" Nikasema yuko dukani. Sikusema ng'ambo ya barabara, aibu ilinizidi.

Nikueleze walivyochora, ukatae ukijua unachokataa. Ni ukuta wa nusu duara, mawe marefu kuliko mtu. Kila mwaka wa vita una jiwe lake, majina yamepangwa bila vyeo, mkubwa na mdogo mstari mmoja. Hilo nililipenda. Mwanzoni walitaka askari wa shaba mwenye bunduki, akina mama wakakataa wakasema sura ile si ya mtoto wa yeyote kati yao. Katikati ya ukuta watasimamisha jiwe moja lisilochongwa kitu, limepigwa msasa mpaka limekuwa laini. Hilo ni la wale wasiojulikana walipo. Kijana aliyechora alisema watu watakuja walipapase kwa mikono.

Nilisimama. Nilimwambia: Babu wa baba yake Bosire alichukuliwa vita vya kwanza vya Wazungu, akapewa mzigo kichwani, akapelekwa upande wa Wajerumani, hakurudi. Hakuna aliyeleta habari. Mkoloni akaweka sanamu zake za shaba pale Nairobi, za askari na mpagazi, nzuri sana, na hazina jina la mpagazi hata mmoja. Huyo babu aliitwa Bosire. Mwanangu alipozaliwa tulimpa jina lake kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuliweka. Sasa naye hakurudi, na mnaniletea jiwe lisilo na herufi nilipapase? Nimefundisha watoto kusoma maisha yangu yote, nije nipapase?

Wakapiga makofi. Makofi hayachongi. Bila wewe jina halikuchukuliwa, na sasa mwanangu yuko kwenye jiwe tupu.

Unaniambia alichagua jina lingine akiwa na ndevu. Najua. Nilikuwepo. Alikuwa amebeba jina la mtu aliyepotea, akalitua mlangoni kwenu kama mtu anayevua viatu. Usinifundishe jina la mtoto niliyemzaa.

Nyanchoka


Kisii mjini, 20 Mei 2024

Mama,

Assalam aleikum. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Thadeus amepita na kupita nikamwambia bado. Idd ilikuwa sawa. Istarlin jino moja limechungulia, na sasa anacheka mpaka mwalimu amelalamika.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa na matusi tu. Nikaona bora niende nikaone kwa macho yangu. Jumapili nilimchukua mtoto tukaenda Tabaka kwa mjomba Alfayo. Alitupokea vizuri, mikono yake myeupe vumbi mpaka kwenye viwiko. Wanaume wanachonga kibandani na wanawake wako nje kwenye mabeseni ya maji, wanapiga msasa. Alimwambia Istarlin kwamba nyanya yake alipokuwa msichana hapo hakukuwa na mtu wa kumfikia kwa msasa, na kwamba alikuwa mkali vilevile. Mtoto akamuuliza ukali unaanza lini. Mjomba alicheka hadi akakohoa.

Akatuonyesha hilo jiwe tupu. Lina rangi ya waridi kidogo, na mistari kama ya maziwa yakianza kuganda. Istarlin alilikwaruza kwa ukucha pembeni, ikabaki alama, nikashtuka nikamchapa mkono. Mjomba akasema hilo si kitu, akalifuta kwa msasa na maji. Nikaweka kiganja changu. Mama, sitakudanganya, nililipenda. Kwenye mawe mengine yote mtu amekufa. Kwenye hilo mtu hayupo tu. Mume wangu ndipo alipo, hayupo tu. Hapo naweza kusimama na mtoto bila kusema uongo wowote.

Kwa hiyo jiwe hilo nalikubali. Jina kwenye mawe mengine silikubali.

Lakini kuna kitu unanificha. Mtu hamziki mwanawe haraka hivyo baada ya kungoja miaka yote hiyo. Pale Daraja Mbili nikienda kununua mboga, kuna wanawake wananyamaza nikifika. Mimi nimezaliwa Kisii hii hii, Ekegusii chenu sikiongei lakini kusikia nasikia. Sema basi kile wanachosema huko kwenu. Kiandike kwa mkono wako.

Hodan


Nyamira, 10 Juni 2024

Kwa Hodan,

Salamu. Ndama amepona. Istarlin mwambie ukali wa nyanya yake ulianza siku aliyoanza kufundisha watoto wa watu.

Umetaka niandike, naandika. Wanasema Bosire hakufa wala hakutekwa. Wanasema alihamia kwa shemeji zake. Ati alishaoa kwao na kusilimu kwao, basi siku ile alijua wavamizi watakuja, akawafungulia lango. Wenzake wakachinjwa na yeye sasa ana mke mwingine huko na ngamia. Hivyo ndivyo wanavyosema.

Onyiego, aliyekuwa naye kambini, alikuja hapa kwa magongo yake akakaa sebuleni kwangu akasema mara ya mwisho alimwona akirudi ndani kumbeba mwenzao aliyepigwa mguu. Akirudi ndani, Hodan. Nilimwita chifu asikie, nikaita wazee wa kanisa wasikie. Wakasikia, wakanywa chai yangu, wakaenda kusema Onyiego ni rafiki yake, angesema nini.

Kanisani kwetu kabla ya Meza ya Bwana tunaoshana miguu, tunajitenga wawili wawili. Roda na mimi tumeoshana miguu tangu tukiwa wasichana. Novemba nilichukua beseni nikamgeukia, naye alikuwa ameshainuka kwenda kwa mwingine. Nikabaki na maji yanapoa. Binti wa mchungaji akanihurumia akaja. Nilimshukuru, na nilitamani kumrushia beseni Roda kichwani. Mungu anisamehe, mpaka leo natamani.

Desemba nikazika mgomba. Ndiyo, wazee walisema tumengoja vya kutosha, lakini mimi ndiye niliyetoa shuka. Mtu aliyezikwa hana mke wa pili na ngamia. Nikasema sasa watafunga midomo. Hawakufunga. Wakasema nimezika mgomba kwa sababu najua yu hai. Ndipo nikautaka ukuta. Ukuta wa serikali, jina na mwaka, niwapeleke Nairobi mmoja mmoja niwasomeshe.

Wewe unalinda mtu aliye hai. Mimi nalinda jina lake. Na sote wawili wametupaka matope, wewe kwa damu yako, mimi kwa kukukubali.

Haya. Liwe jiwe tupu. Afadhali hilo kuliko kutokuwepo kabisa. Lakini mimi sitalipapasa.

Nyanchoka


Kisii mjini, 9 Septemba 2024

Mama,

Assalam aleikum. Mtoto mzima. Duka lipo. Leo sina habari nyingine, kaa chini kwanza.

Barua yako ya Juni niliisoma nikafunga duka. Ningekuwa karibu ningekuja kukuosha miguu mwenyewe, unge­taka usingetaka. Sikujua la kuandika nikaacha, na sasa naona nilikosea kuacha, kwa sababu nina jambo baya kuliko hilo.

Mjomba Alfayo alikuja hapa Ijumaa. Alikaa kwenye kile kistuli cha wateja akageuza kofia mikononi mpaka nikaogopa. Wamebadilisha ramani. Jiwe laini limeondolewa kwa wasiojulikana walipo. Wamempelekea karatasi ya maneno ya kulichonga: kwamba ukuta umefunguliwa na mgeni rasmi, jina lake na vyeo vyake vyote, halafu chini mwenyekiti wa kamati, katibu wa kamati, wajumbe, mpaka mpambaji. Kwenye jiwe letu. Alisema amechonga hadi nusu, kisha mkono ukakataa, akawaachia vijana wamalizie.

Leo asubuhi nilivuka barabara, ile uliyonionea aibu. Nikamkuta mwanamume wa kamati na kompyuta, kijana msafi. Nikamuuliza waliopotea watakuwa wapi. Akaniambia ukuta ni wa waliokufa.

"Na aliyepotea?"

"Huyo hajafa, mama."

"Kwa hiyo yu hai?"

"Mimi siwezi kusema yu hai."

"Basi yuko wapi? Niambie nimfuate."

Akasema niende nikatafute cheti cha kifo, kisha akakumbuka orodha imeshafungwa. Akasema jiwe tupu lingewachanganya wageni, wangeuliza kwa nini halijaisha. Nikamwambia ndiyo, halijaisha, ndiyo maana. Hakunielewa. Akaniuliza kama mimi ni mkimbizi au Mkenya.

Mama, nimekaa miaka sita nikikataa kusema mume wangu amekufa. Nikaonekana mkaidi, kaka yangu haniongeleshi, wewe ukanisema. Sasa nimekutana na watu wanaokataa hata kusema hayupo. Kwao hakuzaliwa.

Wanafungua Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Oktoba. Mimi siendi kupiga makofi. Na wewe usiende, ni Sabato yako, ukae na Mungu wako.

Hodan


Nyamira, 10 Oktoba 2024

Kwa Hodan,

Salamu. Nimesoma. Nimesoma tena nikiwa nimesimama.

Usihofu, mimi ni Msabato, Jumamosi sifanyi kazi. Ijumaa ya wiki ijayo nitamtembelea Manasseh kule Nairobi, sijaona anapoishi. Jirani atamwangalia ndama.

Alfayo nimemwagiza msumari wa inchi sita, ule mgumu wa zege. Mlango wa zizi umelegea.

Mbusu Istarlin.

Nyanchoka


Kisii mjini, 21 Oktoba 2024

Mama,

Nimekufungulia simu. Nimepiga, umezima. Nimempigia Manasseh anasema uko salama na haniambii zaidi, ati umemkataza. Kwa hiyo nimekaa chini kukuandikia kama mjinga, na Thadeus anangoja nje injini ikiwaka.

Cynthia, msichana anayenisaidia dukani, ndiye aliyenionyesha kwenye simu. Akasema, "Ona huyu shosho mzee anaharibu ukuta wa serikali." Nikaangalia, nikaona kitambaa cha kichwa kabla sijaona uso. Kile cha kijani nilichokuletea wakati wa nikahi, ukaniambia umempa mtu. Mama, hukumpa mtu.

Wageni walikuwa wameenda kwenye hema la chakula. Uko peke yako mbele ya jiwe letu, mkoba begani, na unaandika kwa msumari. Unaandika pole­pole, unarudia kila herufi, mwandiko wa ubaoni kabisa. Pale pale juu ya majina yao, umekatiza kwenye vyeo vya mgeni rasmi. Kuna askari kijana amesimama hatua chache na bunduki yake na anakuona, na hafanyi kitu, anaangalia mbele. Halafu watu wanakuja wakikimbia na picha inatikisika.

Lakini niliisimamisha picha nikaikuza. Nimelisoma jina. ISSACK BOSIRE. Halafu mwaka aliozaliwa, halafu kistari, halafu hakuna kitu.

Nililia mbele ya wateja. Kila mtu ajue, dunia nzima ijue. Abdirizak alikuja jioni akaangalia hiyo picha muda mrefu, akasema, "Huyu mama yenu ana wazimu," na tangu hapo hajalitaja la Kadhi.

Nina maswali mawili. Watalifuta? Maana Istarlin anauliza kama mjomba atalipiga msasa kama alivyofuta ukucha wake. Na la pili, kwa nini uliandika Issack? Tangu nikujue hilo jina halijatoka mdomoni mwako.

Nijibu, tafadhali.

Hodan wako


Nyamira, 28 Oktoba 2024

Mwanangu Hodan,

Waaleikum salaam. Nimemuuliza yule mwenye duka la mafuta ya taa jinsi ya kuitikia, na kama nimekosea unisahihishe, nimezoea kusahihisha wengine.

Mimi mzima. Walinzi walikaa nami mpaka giza likaingia, wakanipa soda, wakaniuliza umri, wakaona nitawapa shida kuliko faida. Simu walinirudishia baadaye kwa mkono wa Manasseh. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu tungelia tu tusiseme kitu. Kanisani wameniita kwenye kikao kwa kufanya kazi siku ya Sabato. Nitakwenda. Nitawaambia nilikuwa naosha miguu.

La kwanza. Hawatalifuta. Alfayo aliitwa kesho yake. Amewaambia ukucha wa mtoto huondoka kwa msasa, lakini msumari ule umeingia chini kuliko herufi zao, na atakayelisugua jiwe mpaka Bosire aishe atakuwa amewamaliza kwanza mgeni rasmi na kamati yote. Wanakaa vikao. Nilipokuwa msichana nilisugua mawe hayo mpaka vidole vikatoka damu, nilijua ni kina gani cha kufika. Ndiyo maana nilirudia kila herufi.

Yule askari aliniuliza kwa sauti ya chini, "Umemaliza, mama?" Nikamwambia bado mwaka. Akaangalia mbele. Sikumuuliza jina, nisije nikampeleka pabaya.

La pili. Nilikwenda kuandika Bosire peke yake. Kwa ajili yake na ya yule mpagazi, wote wawili kwa mkupuo mmoja. Njia nzima nilikuwa na jina hilo moja. Nikafika pale, nikaweka ncha ya msumari kwenye jiwe, nikafikiri: kama yu hai huko, hakuna anayemwita Bosire. Wanamwita hilo lenu. Na kama siku moja mtu atatoka huko aje asome, na amjue mtu wa jina hilo, atalitambua hilo kwanza. Basi nikalitanguliza. Mkono haukunipa shida hata kidogo, nilishangaa.

Na mwaka wa mwisho sikuandika, kwa sababu siujui. Niliujua Desemba, nikaona sasa siujui tena.

Mlete Istarlin likizo hii. Nyumba yenu nimeifungua madirisha. Ule mgomba wazee wanasema hauchimbuliwi, lakini umechipua ubavuni, na mimi siukati.

Nitumie namba ya mume wako. Niliifuta siku ile ya mgomba. Mwezi huu vocha naweka mimi.

Mama yako,
Nyanchoka